Nani Aketi Barazani Bei Inapopangwa?

Serikali zote za dunia zinapotaka kutunga amri juu ya biashara zina desturi ya kuwaita watu wachache na kuwauliza shauri. Watu hao huitwa kamati, au bodi, au baraza. Hukaa mezani, hutazama hesabu, hutoa maoni yao, na mara nyingi serikali huyafuata, kwa kuwa haikuwauliza watu wengine. Mkulima wa Kihesa anayepeleka magunia yake mawili ya mahindi sokoni hawaoni watu hao, wala hayajui majina yao. Lakini bei anayoikuta sokoni, na ushuru anaotozwa njiani, na ruhusa ya kuuza ng'ambo ya mpaka, yote yamepita mikononi mwao kwanza. Basi yafaa tuulize: watu hao ni nani, nani aliwachagua, na nani hakuitwa? Tutajibu kwa mambo yaliyokwisha kutokea katika nchi zetu za Afrika Mashariki, maana tunayo ya kutosha.

Mwaka 1926 Serikali ya Waingereza katika Tanganyika iliunda Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali, na pamoja nao Wazungu na Wahindi wasio maofisa, wengi wao watu wa mashamba makubwa na wa biashara. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Ilisemwa kwamba maofisa wenyewe watawasemea Waafrika. Miaka 19 ikapita hivyo, hata mwaka 1945 wakaingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Uchaga; na kabla ya mwaka 1950 akaingia chifu wetu wa Uhehe, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Katika Kenya ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1924 aliyewekwa kusemea mambo ya Waafrika alikuwa mmisionari Mzungu, Daktari Arthur. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Hatusemi kwamba wasemaji hao wa kwanza walikuwa watu wabaya, maana wengine walisema kweli mbele ya watu wasiopenda kuisikia. Lakini mtu asiyelima kwa kuuza alikuwa akisimulia habari aliyoisikia, na wenzake pale mezani walikuwa wakisimulia habari ya mifuko yao wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Matunda ya mpango huo yalionekana katika kahawa ya Kenya. Kwa miaka mingi Mwafrika wa huko hakuweza kupanda mibuni bila leseni, na leseni yenyewe hakupewa. Walowezi walisema kwamba mashamba ya Waafrika yataeneza magonjwa ya mibuni, tena kwamba kahawa itaibwa. Ni katika miaka ya 1930 tu ruhusa ndogo zilipoanza kutolewa katika Embu, Meru na Kisii. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na serikali ikataka mahindi mengi. Bodi iliyosimamia mazao ilikuwa mikononi mwa walowezi, na mwenyekiti wake alikuwa Cavendish-Bentinck, msemaji wao mkubwa. Mlowezi akaahidiwa bei isiyoyumba. Bei iliyomfikia Mwafrika kwa gunia la mahindi yale yale ilikuwa ya chini, baada ya makato ya namna namna. Hapana haja ya kusema kwamba watu wa bodi walikula rushwa. Walifanya kama mtu yeyote angefanya akiachwa peke yake kugawa nyama: alijua vizuri njaa ya nyumbani kwake.

Upande huu wa mpaka, mlimani Kilimanjaro, kahawa ile ile ilistawi mikononi mwa Wachaga, wala mashamba ya Wazungu hayakufa kwa ajili hiyo. Bwana Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa wilaya Moshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliwahimiza watu kupanda. Walowezi wa huko wakanung'unika, wakataka Waafrika wazuiwe kama ilivyokuwa Kenya. Ndipo mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama chao, jina lake Kilimanjaro Native Planters Association, na mtu mashuhuri katika chama hicho alikuwa Joseph Merinyo. Chama kilisaidia watu kupata dawa ya kuua wadudu wa mibuni, kikauza kahawa kwa pamoja, na zaidi ya yote kikawa na sauti ya kujibu. Mlowezi aliposema jambo mbele ya serikali, alikuwapo Mchaga wa kusema jambo jingine. Twaamini hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya mibuni ya Wachaga ising'olewe.

Mwaka 1933 chama hicho kikaondolewa, na mahali pake pakaanzishwa chama cha ushirika, KNCU, chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett, mtu hodari wa kazi. Mwaka 1934 ikatoka amri, kwa mkono wa machifu, kwamba kila Mchaga auze kahawa yake kwa ushirika na si kwa mtu mwingine. Yamkini sababu za amri hiyo zilikuwa njema: kahawa ikiuzwa pamoja hupata bei bora kuliko ikiuzwa debe kwa debe. Lakini bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka sana katika miaka hiyo, na mkulima aliyepokea fedha kidogo akauliza ni nani aliyemfunga kwa mnunuzi mmoja. Akajibiwa kwamba machifu wamekubali. Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Chifu alikuwa akilipwa mshahara na serikali, na amri aliyoikubali ilikuwa imetoka kwa serikali hiyo hiyo. Wakulima wengine wakapeleka shauri mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1937 ghasia zikatokea mlimani, ghala za ushirika zikashambuliwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakahamishwa mbali na kwao. Mwaka huo huo palikuwa na ghasia Bukoba pia, juu ya kanuni za utunzaji wa mibuni.

Tunalikumbusha jambo hili kwa kuwa watu wengi hulisimulia vibaya. Wengine husema Wachaga wa mwaka 1937 walikuwa wajinga waliochukia ushirika; wengine husema ushirika wenyewe ulikuwa mtego. Yote mawili si kweli. KNCU iliendelea, ikastawi, ikawa mfano kwa wakulima wa Tanganyika nzima. Watu walewale waliokasirika mwaka 1937 walipeleka kahawa yao huko baadaye, nao wakasomesha watoto kwa fedha yake. Kazi ya ushirika ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kuulizwa. Serikali ilidhani imekwisha kumsikia mkulima, kwa sababu ilikuwa imemsikia mtu aliyevaa nguo kama zake na kusema lugha yake.

Unguja mambo yalikuwa kinyume, maana huko aliyenyimwa kiti alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1934 serikali ilikipa nguvu chama cha wenye mashamba ya karafuu, na mwaka 1937 ikatunga sheria iliyokipa chama hicho peke yake kazi ya kununua karafuu ya kupelekwa nje. Shabaha yake ilikuwa kuwaokoa wenye mashamba, ambao wengi walikuwa wamezama katika madeni. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi walioijenga biashara ile kwa vizazi vingi wakajiona wametupwa nje. Wakasusa. Kule India watu wa chama cha Congress wakawaomba wenzao wasinunue karafuu ya Unguja, na India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Karafuu ikajaa ghalani, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kufanya mapatano na wafanyabiashara, ikawarudishia sehemu ya kazi yao. Basi mtu asiseme kwamba mnunuzi ni adui wa kuwekwa mbali. Mnunuzi ajua njia ambazo mkulima hazijui. Ila twaona jambo jingine katika habari hii, nalo husahauliwa. Wachumaji wa karafuu, ambao wengine walivuka bahari kutoka bara ili kupanda mikarafuu ile kwa ujira, hawakuulizwa na upande wo wote. Mwenye shamba alisema, mfanyabiashara alisema, serikali ilisema; mchumaji alingojea kuambiwa atalipwa nini kwa pishi.

Katika Usukuma ugomvi ulianzia penye mizani. Mkulima wa pamba alifika kwa mnunuzi na mzigo wake, mnunuzi akapima, akataja uzito, na mkulima hakuwa na njia ya kuhakikisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wakaunda vikundi vyao, wakaweka watu wao wenyewe kusimama penye mizani na kusoma namba. Paul Bomani, aliyekuwa kiongozi wao, akavikusanya vikundi hivyo, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, Victoria Federation. Ilipofika mwaka 1959 pamba yote ya jimbo lile ilikuwa ikipita katika ushirika. Twapenda habari hii kuliko nyingine zote tulizozitaja, kwa kuwa watu hawa hawakungojea kuitwa mezani. Walianza kwa kumweka mtu mmoja mwaminifu ajuaye kusoma namba mahali ambapo mali yao ilikuwa ikipotea. Wanafunzi wetu waliangalie sana hilo, wale ambao husema hesabu haina faida.

Sasa na tuje nyumbani, katika Nyanda za Juu za Kusini, maana habari yetu wenyewe ni ngumu zaidi, wala haifuati njia moja.

Baada ya uhuru kazi ya kununua mahindi iliwekwa chini ya bodi ya taifa, kisha chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji. Kuanzia msimu wa 1974/75 serikali ilitangaza bei moja kwa nchi nzima. Mahindi ya Sumbawanga, ya Songea, ya Mbeya na ya Iringa yalinunuliwa kwa bei ile ile iliyolipwa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kuyasafirisha ikabebwa na shirika. Tena mbolea iliuzwa kwa bei nafuu, nyingine ikitoka katika kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1972. Mikoa yetu minne, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la nchi. Watu waliokuwa wakilima chakula chao tu wakalima mahindi ya kuuza; nyumba za bati zikaongezeka, na wazazi wengi wakapata ada za shule.

Je, mkulima wetu alikuwa na kiti mahali bei ile ilipopangwa? Hakuwa nacho. Tena katikati ya wakati huo, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakashikwa na mashirika na mamlaka za serikali, hata ilipotungwa sheria mpya ya ushirika mwaka 1982. Kwa hiyo katika miaka ile bei njema ilitujia kama mvua, wala sisi hatukuiomba. Wapo wanaosema: basi kiti ni cha nini, ikiwa mtu aweza kufaidiwa bila kuketi? Twajibu kwa yale yaliyofuata. Shirika lilizama katika hasara, maana kusafirisha mahindi kutoka Rukwa hadi pwani kwa malori ni gharama kubwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 bei moja ikaachwa, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 msaada wa mbolea ukaondolewa. Mkulima wa mbali akakuta gharama zote za njia zimerudishwa begani pake kwa mara moja, na mbolea imepanda bei kupita uwezo wake. Yamkini mpango ule usingeweza kudumu. Sisi wenyewe hatuoni kwamba ungeweza. Lakini kama wakulima wangeulizwa, wangesema angalau kwamba vitu viwili vile visiondolewe karibu pamoja, wala visiondolewe baada ya mtu kukwisha kupanda aina ya mbegu isiyozaa bila mbolea. Neno kama hilo halipatikani katika vitabu vya hesabu vya ofisini. Lazima alitoe mtu mwenye shamba.

Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, serikali ilizuia mahindi yasipelekwe nje ya nchi, ili chakula kisipungue. Tusiwe wepesi kulaumu. Mama wa mjini anayenunua unga kwa kilo ana haki yake, na watoto wake wana matumbo kama wa kwetu. Yeye pia apasa kuwa na mtu wa kumsemea barazani, maana wakati wo wote bei inapopandishwa kwa ajili yetu, yeye ndiye anayelipa. Lakini zuio likija wakati wa mavuno, bei huanguka, na hasara yote hubaki kwa mwenye gunia.

Hapa twafika kwenye maoni yetu. Bei ya zao inapoanguka, mwenye duka hupunguza anachomlipa mchuuzi. Mchuuzi hupunguza anachomlipa mkulima. Mwenye lori huomba nauli ile ile. Kila mmoja ana mtu wa chini yake wa kumsukumia mzigo. Mkulima mdogo hana, na kibarua wake hana zaidi. Mlaji maskini wa mjini pia hana. Twaona kwamba hao, ambao mzigo hukoma kwao, ndio wa kutafutiwa kiti kwanza, kisha wengine wafuate. Na desturi ya siku nyingi imekuwa kinyume, kwa sababu mwenye kampuni ana karani, ana simu, na ana siku ya kupoteza mjini. Tena mwenye kiti achaguliwe na wenzake, arudi kwao awaeleze yaliyosemwa, na waweze kumwondoa. Akichaguliwa na ofisi, hata akiwa mkulima kweli, itakuwa kama ilivyokuwa mlimani mwaka 1934.

Kwa sheria na taratibu hatukosi pa kuanzia. Mwaka 2001, kwa Waraka wa Rais, liliundwa Baraza la Taifa la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Wajumbe wake walipangwa kuwa 40, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka kwa watu binafsi wa kazi za biashara na uzalishaji. Yapo na mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya. Upo mtandao wa vikundi vya wakulima, MVIWATA, ulioanzishwa mwaka 1993. Lakini neno hilo, watu binafsi, ni pana mno. Mwenye kiwanda ni mtu binafsi, na mama anayepanga nyanya kwa mafungu Kihesa ni mtu binafsi. Wakiwekwa katika kapu moja, twajua ni nani atakayeonekana juu.

Hata nchi kubwa zimeligombania jambo hili. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayoagiza kamati za kuishauri serikali kabla ya kufanya mapatano ya biashara na nchi za nje. Kamati za mbao na za karatasi zilikuwa na watu wa viwanda vya mbao na karatasi peke yao. Vyama vya kulinda misitu vikaenda mahakamani, na mwaka 1999 mahakama ya Seattle ikaamuru kwamba awekwe humo mtu wa kusemea mazingira. Sisi tulio jirani na msitu wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo twaweza kulielewa shauri hilo upesi: anayeuza gogo na anayekunywa maji ya mto utokao msituni hawana macho mamoja.

Na liko jambo moja la hapa kwetu ambalo baraza la namna hiyo lingeweza kulishughulikia mara moja, nalo ni lumbesa. Kanuni za vipimo husema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini viazi vya Njombe, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, hushonewa kilemba juu ya gunia hata likapita uzito huo mbali, na mkulima hulipwa kana kwamba ni gunia moja. Wakaguzi hukamata, faini hutozwa, na msimu unaofuata vilemba vimerudi. Sababu yaeleweka. Mkulima akikataa kujaza lumbesa, mnunuzi huenda kwa jirani; wilaya ikikataza kwa ukali, malori huenda wilaya ya pili. Kwa hiyo mkulima mmoja hawezi kuikomesha, wala wilaya moja haiwezi. Wakulima wa Iringa, Njombe na Mbeya wangepaswa kukaa meza moja siku moja, pamoja na wanunuzi wa Dar es Salaam, wenye malori, wapakiaji wanaovunjika migongo kwa magunia hayo, na mtu wa vipimo, ili wapatane siku ambayo mikoa yote itaanza kuuza kwa mizani. Mahali pafaapo ni Makambako, ambapo barabara ya Songea hukutana na ile ya Mbeya na Iringa. Na kikao kifanywe viazi vikiwa bado ardhini, ili mkulima apate nafasi ya kuja.